Kiko cha Marehemu Kilipofuka Kikaoni

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, kiko cha baba yangu kilionekana mezani kikifuka moshi.

Baba mwenyewe alikuwa na miezi mitano kaburini.

Na kiko chake tulimzika nacho. Mama alikiweka kwa mkono wake mwenyewe, kifuani kwa baba, ukoo mzima ukitazama.

Tulia nikusimulie.

Mtaani wananiita Msasa. Nimekulia kwenye karakana ya baba, nikisugua miguu ya viti kabla sijajua kusoma. Baba alikuwa seremala, na mimi ni seremala. Mwanamke, ndiyo. Cheka ukitaka, ila kitanda unacholalia huenda nimekiunda mimi.

Baba alifariki ghafla. Wiki ya pili tu, baba mdogo akatoa karatasi.

Eti kaka yake alimwachia karakana, pamoja na vile vyumba viwili vya nyuma tunamoishi. Saini ya baba ipo. Fundi viatu, jirani yetu, kasaini kama shahidi.

Mama aliisoma, akakaa chini sakafuni.

"Shemeji, mbona mume wangu hakuniambia?"

"Mambo ya wanaume hayo."

Mimi nikatupiwa patasi zangu nje, ndani ya mfuko wa simenti. Juu ya mlango kikapanda kibao chenye jina lake, maandishi mekundu. Mtu asiyejua hata randa inashikwaje!

Nilimchukia mpaka chakula kikakosa ladha. Sikutaka arudishe tu alichochukua. Nilitaka atetemeke, tena mbele za watu.

Ndipo nikawaza: huyu akiona kiko cha marehemu kinafuka mbele yake, si atazimia? Akizinduka si atatapika ukweli wote?

Nikatafuta kigogo cha mpera, kikavu, kizito kama jiwe.

Kiko si mchezo, ndugu yangu. Unatoboa shimo pana la tumbaku kutoka juu, halafu tundu jembamba la moshi kupitia kwenye shina, na yote mawili lazima yakutane chini kabisa. Ukikosea nukta moja, umetengeneza kuni.

Cha kwanza kilipasuka.

Cha pili, tundu likatokea ubavuni. Nikatukana, nikaanza upya.

Cha tatu kikatii.

Nikakipiga tupa, nikakipiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Nikakiloweka kwenye chai ya rangi iliyokolea ili kizeeke, kikikauka nikakipaka nta. Mdomo wake nikauchonga kwa pembe ya ng'ombe. Baba alikuwa na tabia ya kung'ata upande wa kushoto, basi nami niling'ata hapo hapo mpaka taya likauma. Ukingo nikauunguza kwa kaa la moto.

Kila alama niliyoweka, nilimwona baba mdogo akitapatapa. Nikawa natabasamu peke yangu kama chizi.

Nafasi akaileta mwenyewe. Aliitisha kikao cha ukoo palepale karakanani. Ajenda ilikuwa moja: mama ahame kabla mwezi haujaisha. Shangazi, mkubwa wao wote, ndiye angeongoza. Fundi viatu naye akaitwa, aje athibitishe karatasi.

Nilitangulia kuingia, kwa mlango wa nyuma. Nikajaza tumbaku, nikawasha, nikavuta. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka. Nikakiweka mezani, mahali baba alipozoea kukaa, nikajibanza nyuma ya mbao.

Wakaingia. Shangazi akawa wa kwanza kukiona.

"Mungu wangu! Hiki si tulimzika nacho?"

Mama akashika ukuta. Fundi viatu akarudi nyuma, akagongana na mlango.

Baba mdogo akasimama kama gogo, rangi yote imemtoka usoni. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Anguka sasa. Anguka!

Hakuanguka. Alikimbia.

Tena hakukimbilia nje. Alikimbilia kile chumba kidogo alichokifanya ofisi. Tukasikia funguo zikigongana, droo ikavutwa kwa nguvu.

Akarudi jasho likimtiririka, anacheka, kiko mkononi.

"Tulieni! Hicho ni feki! Chenyewe hiki hapa, kipo kwenye droo yangu siku zote!"

Mkono wake ukabaki hewani. Nadhani ndipo masikio yake yaliposikia kilichotoka kinywani mwake.

"Kwenye droo yako?" Shangazi akauliza, polepole.

"Dada, nilitaka tu kumbukumbu ya kaka..."

"Wewe ndiye uliyebaki nyuma kupigilia misumari jeneza. Ulimpekua kaka yangu?"

Nikatoka nyuma ya mbao. Naapa sikulijua hilo. Mimi nilitaka kumtisha tu.

Fundi viatu akavua kofia. Akamgeukia mama.

"Mama, nisamehe. Huyu aliniambia ni utaratibu tu, wenyewe mlishakubaliana. Lakini siku niliyosaini ile karatasi, mumeo alikuwa tayari mochwari."

Shangazi akanyoosha kiganja. Baba mdogo akakabidhi kiko, kisha funguo, akaanza kuelekea mlangoni.

Angeondoka kimya kimya hivyo. Nikamzibia njia kwa ngazi.

"Panda. Shusha jina lako."

"Mwanangu, watu wanatazama."

"Wacha watazame."

Akapanda. Mtaa mzima ukasimama. Bisibisi ilimteleza mara mbili, na mimi sikumshikia ngazi. Kwa kila skrubu iliyotoka, nilisikia raha mpaka kwenye kisogo. Sidanganyi.

Kiko chenyewe kilirudishwa kaburini kwa baba siku ileile.

Tulipotoka makaburini, nilitegemea mama atanikumbatia. Hakunikumbatia.

"Nilipoona ule moshi, nilidhani amerudi," akasema. "Nilishaanza kutafuta cha kumwambia. Na hilo ulilipanga?"

Nikainama, nikajifanya napangusa udongo wa kaburini viatuni.

Karakana tunayo, na baba mdogo hapiti tena mtaa huu. Sijuti kumwaibisha, ningerudia kesho. Ila wewe unayesoma huku umemkunjia mtu ngumi, kabla hujairusha tazama nani mwingine amesimama upande ule. Mimi yangu ilimpitia mama kwanza.