Uzito wa Baiskeli ya Mama

Baiskeli ya mama niliiunda mwenyewe, hapa Masisi, kutokana na baiskeli mbili zilizokufa: magurudumu matatu, kiti cha mbao, na pedali zilizopandishwa mbele ya kifua azizungushe kwa mikono. Ukiziachia, gurudumu linaendelea kuzunguka, ili apumzike kwenye mteremko. Mama alikuwa amekatwa mguu, na kusukumwa alikataa katakata. Kila Jumapili alipanda kilima kwenda misa peke yake, na aliyethubutu kugusa kiti chake alitukanwa mpaka mlangoni mwa kanisa.

Mwaka huu akaanza kulalamika.

"Iko muzito, mutoto wangu. Munyororo njo unanivuta nyuma."

Nikaufungua mnyororo, nikauosha kwa mafuta ya taa, nikaupaka grisi. Jumapili akaishia njiani, akageuza kurudi nyumbani. Nikabadilisha meno ya nyuma yanayoshika mnyororo, nikaweka makubwa, yenye kupanda kwa wepesi. Akageuza tena. Nikakasirika. Ufundi ndio ugali wangu, na majirani walishaanza kunitania kwamba mganga hajigangi. Nikafungua ekseli, nikakagua gololi, nikamtukana hata fundi aliyenichomelea fremu, maskini, asiye na kosa lolote.

Mwishowe, mama akiwa uani anachambua maharage, nikakaa mwenyewe kwenye kile kiti, nikapanda kilima. Mimi ni mzito kuliko yeye, tena sana, na bado ilikwenda laini. Baiskeli ilikuwa nzima. Mama ndiye aliyekuwa anaisha. Juu kule, kando ya malisho ya ng'ombe, nililia, maana hakukuwa tena na kitu cha kufungua.

Nyumbani nikamdanganya kwamba pingili moja ya mnyororo ilikuwa imekaza.

"Nilikuambia!" akasema, akacheka.

Jumapili nikamfuata kwa nyuma. Kilima kilipoanza, nikaweka viganja kwenye kiti polepole, nikisubiri matusi. Hayakuja.

"Sasa iko mwepesi," akasema bila kugeuka. "Umeitengeneza muzuri."

Nikazidi kusukuma, nikijisifu moyoni kwamba hajagundua.

Karibu na kanisa nikachungulia juu ya bega lake. Mkono mmoja ulikuwa umeshika usukani, wa pili umelala pajani na rozari. Pedali zilikuwa zimesimama, na sijui zilikuwa zimesimama tangu wapi.