Kompyuta Niliyoiunga Mwenyewe

Nichekeni tu, nimestahili. Mume wangu alitaka tununue kompyuta ya gemu iliyo tayari. Nikamwambia, "Hiyo ni ya wavivu. Mi nitaiunga mwenyewe!" Siku tatu nilikaza skrubu huku nikiimba. Jumamosi nikawaita majirani, nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikaipakia kwenye pikipiki, nikavuka mpaka pale Grande Barrière hadi duka la Goma nilikonunua vipuri, nikamfokea mama muuzaji mbele ya wateja: "Umeniuzia vyuma vibovu!"

Aliichomeka kwenye umeme, akaigeuza, akagusa swichi ndogo ya nyuma. Feni zikanguruma, taa zikawaka rangi zote.

"Bon, dada, iko muzima. Swichi ndiyo haukuwasha."

Duka zima likaangua kicheko. Mimi nikapiga vigelegele.