Safari ya Kuitoa Nyumba Yangu Katika Historia

Nilikwenda Mbarara kwa sababu nyumba yangu ilikuwa imefanywa historia, na mimi nilitaka kuipaka udongo kabla ya mvua. Ninyi mliobaki Uvira mtacheka. Chekeni. Ukuta mmoja ulikuwa na ufa na umeinama juu ya mkeka wanaolala binti yangu Aline na bibi yake, na nilikuwa nimekatazwa kuugusa.

Mambo yalianza hivi. Profesa mmoja alikuja hapa Nakivale, kambini kwetu wakimbizi, na wanafunzi wake, wanaandika kitabu cha historia ya majengo ya Uganda. Mtu wa heshima, alivua kofia mlangoni. Akasema vitabu vya zamani vimeandika makanisa, majumba ya wafalme na ofisi za Wazungu, kana kwamba watu wengine wote walikuwa wanalala juu ya matawi. Yeye alitaka kuandika nyumba kama yangu, ya miti na udongo, niliyoijenga mwenyewe na tumbo la mimba mbele, baada ya kutolewa Kabazana, pale tunapopokelewa kabla ya kugawiwa viwanja. Nilifurahi, siwafichi. Niliwapa maji ya kunywa. Walipima kila kitu, wakaichora hadi kufuli, kisha wakaondoka na lori la udongo kutoka kwenye shimo langu. Sikuuliza wa nini.

Baadaye likaja bamba la bati, likapigiliwa misumari juu ya mlango. Limeandikwa kwa Kiingereza, maana yake: Jengo la historia. Usiguse.

Nikamwuliza chairman wa kijiji chetu, Mkongo mwenzangu, sasa ukuta nitaupaka lini?

"Hautapaka," akasema. "Ni batu ba biro, ofisi ya kambi, banasema. Ukigusa, kiwanja wanapatia mwingine."

"Na ukuta ukimwangukia mtoto?"

Alifikiri kweli, nilimwona akifikiri. "Ule utakuwa umeanguka wenyewe," akasema. "Hakuna mutu atakuwa amegusa."

Ndipo nikasikia kwamba profesa yuko Mbarara, anaonyesha kitabu chake kwa watu katika uwanja wa jumba moja huko Kamukuzi. Nikafunga mtoto mgongoni.

Asubuhi ya kuondoka, udongo wangu ulikuwa tayari. Nilikuwa nimeukanyaga na majani na mavi ya ng'ombe, nikaufunika kwa shitingi, lile turubai la plastiki, usikauke. Upande wa ziwa mawingu yalikuwa meusi. Mama mkwe wangu, Koko Feza, alitoka na kigoda, akakiweka ndani chini ya ule ukuta, akakaa, akaegemeza mgongo.

"Koko, wamekataza kugusa!"

"Bamekataza mikono. Mugongo habakusema. Wee nenda, lakini usikawiye. Huyu ukuta ni muzito na mimi ni muzee."

Njiani nilipanda pikapu ya Hajati, mama Mwislamu wa Mbarara anayekuja kwetu kununua maharage. Aliniweka mbele na mtoto mapajani. Vumbi lilikuwa linaingia hata puani mwa redio. Akaniuliza safari ya wapi, nikamweleza yote. Aliendesha mpaka tukapita ng'ombe wenye pembe ndefu waliokuwa wamelala barabarani kama wenye barabara.

"Ngoja kwanza, nyabo," akasema. "Nyumba yako iko historia?"

"Ndiyo."

"Na wewe iko ndani?"

"Ndiyo."

"Kwani umekufa?"

Alicheka mpaka usukani ukayumba. Kisha akaacha ghafla, akasema, "Bambi, pole. Hao watu watakusumbua. Usiondoke bila kupata kitu. Mimi narudi kwenu saa tisa kuchukua mzigo mwingine, nitakupitia."

Tulipoingia Mbarara tulipita Ruharo, tukapanda hadi Kamukuzi. Uwanjani kulikuwa na hema, viti vya plastiki, akina mama wanaochemsha chai pembeni, na katikati, nyumba yangu.

Nasema nyumba yangu. Mlango wangu, dirisha langu dogo, ile alama ya kiganja changu karibu na bawaba. Walikuwa wameijenga upya, kwa udongo wa shimo langu. Ufa ulikuwepo, mahali pake, upana wake. Hata ukuta ulikuwa umeinama vilevile. Nikazunguka nyuma kutazama umesimamaje, na hapo nikaona: vyuma vitatu vya bluu, vimechimbiwa kwenye saruji, vinaushikilia usiangukie wageni.

Ukuta wa uongo una vyuma. Ukuta wa kweli una mama mkwe wangu.

Nilimshusha Aline nipumue. Naye akakimbia, akapita chini ya kamba, akaingia ndani, moja kwa moja mpaka kwenye kona yake, akaanza kulia, "Koko! Koko wapi?"

Askari wa getini akaja mbio. "Mama! Toa mtoto kwa history!"

"Yuko kwao," nikamwambia, nikaingia na mimi.

Nikakaa chini. Kisha nikatoka kidogo, nikawaomba akina mama wa chai sigiri yenye makaa, wakanipa pamoja na sufuria. Nikarudi ndani, nikaanza kupika uji wa mtoto. Moshi ukatoka dirishani. Watu wakainuka kwenye viti.

Profesa alifika dirishani akikohoa. Alinitambua, hilo nakiri. "Mama Aline! Karibu sana!" Halafu akageukia wanafunzi wake. "Mnaona? Moshi! Tulisahau moshi! Andikeni."

"Usiandike," nikasema. "Nimehamia. Ile nyumba ya Nakivale mmeninyang'anya, nimekuja kukaa hii. Ukuta wake una vyuma."

Pamoja naye alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani, aliyesimamia kitabu na yale mabamba ya Usiguse. Wote walimwita Madamu. Hakunisemesha mimi, alizungumza na ukuta. "Hili ndilo nililoogopa. Nyumba yenyewe ni ya Kongo. Haikupaswa kuwemo katika kitabu cha Uganda."

"Udongo ni wa Uganda," akasema profesa.

"Mkono ni wa Kongo."

"Mavi ya ng'ombe ni ya Uganda!"

Wakabishana hivyo mpaka uji ukaiva. Nilimlisha mtoto huku nchi mbili zikigombania ukuta ambao hakuna hata moja iliyotaka kuushika. Mwisho nikatoa kichwa dirishani.

"Mniandike popote. Kongo, Uganda, hata mwezini. Lakini ukuta wa udongo hupakwa kila mwaka kabla ya mvua. Mlipima urefu, mkapima upana, hamkuuliza hupakwa lini na nani. Mnayo nyumba iliyokufa humo kitabuni, na sasa mnataka yangu ife ifanane nayo."

Profesa alivua kofia. Uso wake ulionyesha aibu ya kweli, nikamwonea huruma kidogo, kidogo sana.

"Ana haki," akamwambia Madamu. "Tuongeze sura. Sura ya upakaji."

"Kitabu kimeshachapwa," akasema Madamu. "Picha ni ya ukuta ulioinama. Akiupaka, kitabu kitakuwa kinasema uongo."

"Basi hii ndiyo iwe ile!" nikapiga kelele. "Hii imeinama, na itabaki imeinama mpaka Kiyama, ina vyuma! Ile niachieni."

Walitazamana. Mtaona ni wazimu, lakini nyuso zao zilifunguka. Madamu akapiga hatua nyuma, akaikagua nyumba kwa macho mapya. Udongo wa Nakivale, upo. Ufa, upo. Mtu wa ndani, yupo, hata moshi upo. Akatangaza kwamba kuanzia sasa hii ndiyo nyumba halisi, na ile ya Nakivale ni nakala. Nakala haina masharti. Akampigia simu chairman wetu palepale, nikasikia sauti yake ikijibu "Ndiyo Madamu, ndiyo Madamu," kama kawaida yake.

Profesa alinisindikiza mpaka kwenye kamba. Akaniuliza taratibu, "Sasa mama, historia ya majengo ya nchi kama hii iandikwe vipi?"

"Kwanza uliza nani analala chini ya ukuta," nikasema. "Kisha shika ukuta. Kisha andika."

Akatoa kalamu. Nilimwacha anaandika hilo.

Kurudi, Hajati alikimbiza pikapu na mawingu yanatukimbiza sisi. Nilipomwambia kwamba sasa ninaishi katika nakala, alisema tu, "Kyoka, jamani, hawa watu," akakanyaga mafuta.

Nyumbani nilimkuta Koko Feza palepale kwenye kigoda, amefumba macho. Nikamwita. Akafumbua jicho moja. "Umekawiya," akasema. "Mugongo yangu imekuwa sehemu ya nyumba."

Majirani walikuja wote. Tuliweka mwega wa kuushikilia ukuta, tukakandika, mikono kumi kwa wakati mmoja, na chairman mwenyewe alipanda kung'oa bamba, kisha akakunja suruali, akaingia kwenye udongo. Tone la kwanza lilidondoka tukiwa tunalainisha pembe ya mwisho.

Mvua ilikuja ya hasira. Ukuta ulisimama. Aline alilala chini yake, Koko Feza alilala chali kwa mara ya kwanza siku hiyo, akiguna. Ila paa lilivuja juu ya miguu yao. Basi nilichukua lile bamba, nikapanda, nikaliweka juu ya tundu, nikalikandamiza kwa jiwe. Maandishi nimeyaelekeza juu, yasomwe na mvua.