Udongo wa Kukhu Nabwile na Njia ya Baiskeli

Mimi Abdirashid ni fundi wa baiskeli hapa Misikhu, na niseme mapema: siku ile ya mkutano nilikwenda kupiga kelele. Ilikuwa mwaka 2006. Baraza la mji lilitaka kutengeneza bustani ya umma kando ya mto wetu, na ndani yake njia moja ya watu wa miguu na watu wa baiskeli. Nani aliitaka njia hiyo kuliko mimi? Kule barabara kuu malori yalitusukuma mtaroni kila siku, na mwaka uliotangulia mtoto wa shule aligongwa akavunjika mguu. Kwa hivyo aliyeipinga nilimwona adui.

Na aliyeipinga alikuwa mmoja tu: Nabwile, mfinyanzi, mama wa miaka sabini na kitu. Sote tulimwita Kukhu, yaani nyanya, hata sisi Waislamu wa upande wa msikiti. Tangu aolewe alichimba udongo wake kwenye kijilima kilicho ukingoni mwa mto, na vyungu vyake vilifika hadi Ndalu na Kitale. Mumewe alipofariki, vyungu hivyo vilisomesha watoto watano. Usimwone mdogo wa mwili, bana. Alipanda ule mteremko na debe la udongo kichwani huku akikusalimu kwa jina lako na la baba yako.

Kabla ya kuchimba aliweka chembe ya udongo ulimini. Mchanga ukizidi, anahama hatua mbili na kuonja tena. Nilimcheka mara nyingi, naye akanijibu, "Abdirashid, wewe unapima spoki za gurudumu kwa sikio. Mimi nimekuuliza?"

Siku ya mkutano, afisa wa mipango, msichana mwenye adabu aliyeitwa Wacera, alibandika ramani ukutani mwa soko. Mistari ya buluu, mistari ya kijani. Tukatingisha vichwa kama tumeelewa, uongo mtupu, kila mtu anaogopa kuonekana hajasoma. Kukhu peke yake ndiye aliyeuliza, "Mwanangu, shimo langu liko wapi hapo?" Wacera akamwonyesha. Njia ilipita juu yake.

"Basi ishusheni chini, kando ya maji," Kukhu akasema, "mniachie udongo wangu."

Nikaropoka. "Ati vyungu? Si siku hizi watu wananunua mitungi ya plastiki? Watoto wagongwe kwa sababu ya nyungu?" Watu wakacheka, nami nikajiona shujaa. Najuta hadi leo.

Kukhu alikuwa amekuja na karai la udongo ili afisa auone. Akaumwaga sakafuni, akapiga magoti, akaanza kufinyanga. Mto ukatokea, ukapinda pale unapopinda. Daraja. Shule. Kijilima chake. Watu wakasogea, kila mtu akaona nyumba yake. Wekoye, mkulima wa ng'ambo, akasema, "Kukhu, kwangu pana bonde," naye akapabonyeza kwa kidole. Kisha akachora njia ile aliyoitaka yeye, kule chini, na akaomba jagi la maji.

Akamimina polepole, jinsi mvua ya Aprili inavyotujia. Maji yakajaa mtoni, yakapanda ukingoni, yakaifunika njia yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Kando yote ile, palipobaki pakavu ni pale kwenye kijilima cha shimo lake.

Nilikitazama kidole gumba chake. Angeinua ukingo kidogo tu, nani angejua? Sisi hatukuijua hata ramani. Hakugusa kitu.

"Huko chini watoto watazama," akasema. "Ipite juu."

Wacera akamuuliza taratibu, "Na udongo wako, Kukhu?"

"Wewe andika kwanza."

Nilitamani ardhi inimeze. Kabla ya kazi kuanza, nilikusanya wenye baiskeli kumi na wawili, tukabeba udongo wa shimo lake siku tatu, tukaurundika nyuma ya jikoni kwake na kuufunika kwa nailoni. Aliuonja kila mzigo. Miwili ya kwangu aliikataa, nikairudisha mtoni.

Njia ilifunguliwa mwaka 2008. Watoto wanapita salama, nami nina kazi tele. Rundo lake liliisha mwishoni mwa 2009. Wekoye alimletea udongo wa shambani kwake, Kukhu akauonja, akautema, akamshukuru sana.

Juzi nilimkuta Kukhu amekaa mlangoni, mikono yake misafi mapajani. Sijawahi kuiona misafi hivyo. Nikamuuliza kama anajuta.

"Kila asubuhi," akasema. "Lakini maji si yalipanda, Abdirashid? Wewe mwenyewe uliona."