Nguzo Zangu Kanisani

Nguzo za kati za kanisa letu zilitoka nyumbani kwangu. Sikuziuza wala sikuporwa. Nilizitoa kwa hiari yangu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kanisa lile walilijenga baba zetu kabla Mjerumani hajaweka boma. Lilikuwa tembe kama nyumba zetu, lenye paa bapa la udongo ambalo sisi wanawake tulilipaka upya kila mwaka mvua ikikaribia. Mwaka ule reli ilipofika Dodoma, mchwa walikuwa wamezila nguzo na paa limebonyea katikati. Miti migumu ya karibu ilikwishakatwa kuwa kuni za gari moshi, na iliyobaki akida, msimamizi wetu aliyewekwa na Mjerumani, aliikataza. Mzungu wa misheni naye alituma neno kwamba akija akalikuta vile, ibada itahamia stesheni.

Ndipo mwalimu wa kanisa akaja kwangu. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, ndiye aliyenifundisha kusoma, na aliniita shemeji. Nyumba niliyoachiwa ilikuwa na nguzo za mpingo, mti ambao mchwa hawauwezi.

"Shemeji, tupe nguzo hizo," akasema. "Tutakutafutia nyingine mbali, huko akida asikofika, tukujengee kabla ya mvua. Waumini wote tutakuja."

"Na pombe je?" nikamuuliza. Kwetu nyumba haisimamishwi bila mwenyewe kupika pombe ya wasaidizi, na Mkristo alikatazwa kupika.

"Sisi ni ndugu. Tutakuja bila pombe."

Nikamwamini. Nyumba ikabomolewa, nami na wanangu tukahamia kwenye banda la mbuzi la mama mkwe. Mzungu akaja, akazigonga nguzo kwa kiganja, akafurahi, akaenda zake.

Siku ya kunijengea walikuja watatu. Wakazungukazunguka, wakachungulia jikoni, kisha kila mmoja akakumbuka kazi yake. Juma lile lile jirani yangu asiyesali alipika pombe, nikawaona waumini wetu juu ya paa lake wakitandaza udongo. Nikamwendea mwalimu.

"Vuta subira, shemeji," akasema.

Mawingu yalikwishaanza kukusanyika, na mwanangu wa mwisho alikuwa akikohoa usiku kucha pale bandani. Subira ya nini?

Nikapika. Mtama niliouweka akiba ya chakula nikaugeuza pombe. Walikuja wote, na miti yao mabegani, na nyumba ikasimama kabla ya tone la kwanza. Mwalimu naye alikuja. Alikunywa akiwa ameuelekea ukuta.

Jumapili akasimama mbele ya watu akatangaza kwamba nimetengwa na meza ya Bwana kwa kosa la kupika pombe. Aliniita kwa jina la ubatizo, neno shemeji hakulitamka. Waliokunywa kwangu walikaa mikekani wakitazama chini, na hakuna aliyetengwa pamoja nami.

Msimu uliofuata, paa lilipotaka kupakwa, akamtuma mkewe kuniita. Sikufaa mezani, lakini kwenye udongo nilifaa. Nikamkaribisha yule mama, nikampa maji, nikamwambia akamweleze mumewe awaite walionywea kwangu.

Hawakwenda, wala wake zao. Mvua kubwa ya kwanza ilipopiga, kanisa likavuja. Mimi nilikaa kwangu pakavu nikalia, kwa sababu paa lile nililipenda kuliko walivyolipenda wao.