Reli ya Baba Nekesa, Kitale Hadi Chwele

Kichwa changu kinakataa kabisa. Wafula, Baba Nekesa, yule tulifanya kazi naye store ya mahindi hapa Kitale miaka kumi na nane, hayuko. Jumanne aliingia morning shift akicheka. Saa nne akaketi juu ya gunia, akasema kifua kinambana. Hatukufika naye hospitali.

Nimechoka, marafiki. Naandika polepole, mnivumilie.

Wengi wenu mlimjua kwa ile video ya treni. Ilikuwa nyuma ya nyumba yake, katikati ya sukuma wiki. Treni ya mbao, mota ya radio kaseti iliyokufa, mabehewa ya makopo. Reli tuliikata sisi wawili, vipande vya flat bar, vile vyuma bapa vilivyobaki kwa mafundi wa jua kali.

Stesheni ya kwanza, kwa mlango wa jikoni, aliandika KITALE. Ya mwisho, kule kwa fence, CHWELE. Kwao.

Nikamwambia, "Baba Nekesa, si Chwele hakuna reli, bana!"

"Ndiyo maana najenga. Ama unataka mama yangu angoje serikali?"

Mimi wazazi wangu walitoka Central wakakaa Saboti, sina kwingine. Siku moja nikakuta ameikunja reli, ameweka kibao kipya: SABOTI. "Hiyo ni yako, Baba Wanjiku. Usiseme ati treni ilikupita." Nikajifanya natafuta nyundo, asione macho yangu.

Kabla ya kuwasha tulikuwa tunaomba. Yeye anavua kofia, mimi naombea abiria, na abiria hakuna. Mama Nekesa anachungulia kwa dirisha: "Hiyo ni treni ama ni crusade ya injili?"

Sasa wacha nikiri.

Yeye alijenga akitoka Kitale, mimi nikaanzia Chwele, tukutane katikati, chini ya parachichi, stesheni tuliyoiita Kiminini. Upana wa reli tulipima na vidole vinne. Vyake vilikuwa vinene kama ndizi, vyangu mnavijua, vyembamba. Tulipokutana, upande wangu ulikuwa umebana. Kila safari, treni ilianguka Kiminini.

Hebu fikirieni. Mimi nilikuwa nafika kwangu Saboti. Yeye hakuwahi kufika kwao.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Upande wako mimi siugusi, wewe ndiye fundi wake. Ukuje tuurekebishe." Mwezi ukaisha, mwingine ukaisha. Mimi ati overtime, ati mgongo, ati mazoezi ya kwaya.

Ujumbe wake wa Jumapili bado uko kwa simu: "Baba Wanjiku, Jumamosi unakuja?"

Nilimjibu, "Nimechoka bana. Wiki ijayo."

Leo Ijumaa, watu wakiwa matangani mbele ya nyumba, nilipita nyuma na nyundo. Vidole vyake sina tena. Nikakata kijiti kinachotoshana na upana wa reli ya upande wake, nikang'oa misumari yangu yote, nikapigilia upya, kipande kwa kipande. Suruali ya kanisa ikajaa udongo. Mama Nekesa akatoka, akaniangalia. Akarudi ndani akaleta betri.

Nikavua kofia. Nilitaka kuomba, nikaishia jina la Wafula tu. Mama Nekesa ndiye alisema, "Amina."

Treni ikatoka jikoni. Ikapita Saboti. Kufika Kiminini ikayumba, nikafumba macho.

Nikasikia Mama Nekesa anasema, "Imepita."

Ilienda mpaka ikagonga kibao cha Chwele, ikasimama. Hatukupiga makofi. Alikaa pale chini kwa sukuma, na mimi nikakaa.

Kesho asubuhi tunampeleka Chwele kwa barabara. Nitakuwa nyuma ya jeneza, na kile kijiti kwa mfuko.

Baba Nekesa, nisamehe nilichelewa. Bwana Yesu akupokee kwa stesheni yake. Ya kwenu nimeifungua. Lala sasa, ndugu yangu, safari haina mahali pa kuanguka tena.