Kiti Kisichokuwa Kwenye Orodha

Mama Vibao hakuwa mwanasheria, na alikuambia hivyo kabla hujamuuliza. Kazi yake pale ukumbi wa mikutano ilikuwa viti na vibao, yaani vile vipande vyeupe vya plastiki vyenye majina ya nchi vinavyosimama mezani mbele ya wajumbe. Aliifanya miaka kumi na saba. Mikutano ya madaktari wa meno, wafuga nyuki na wauza bima aliipanga huku mikono ikifanya kazi na akili ikiwa kwingine kabisa. Lakini kongamano la kila mwaka la sheria za kimataifa lilikuwa lake. Wiki hiyo alivaa viatu visivyolia, akasimama nyuma ya pazia la mlango wa pembeni na kusikiliza.

"Mama huyu mdaku," walisema wenzake wa jikoni.

Walimwonea. Mdaku anataka kujua ya watu wote. Yeye alitaka kujua jambo moja tu, nalo lilimkaa kooni tangu mwaka wa kwanza. Mtu akiiba kuku, polisi wanamkamata. Nchi ikiiba kipande cha nchi ya jirani, nani anaikamata?

Mwaka huu swali lile lilimbana kuliko miaka yote. Kongamano lilikuwa linafungwa Ijumaa, na Jumapili alikuwa na mkutano wake mwenyewe nyumbani kwa mama yake mzazi. Wajumbe walikuwa wawili: kaka yake mkubwa, karani wa ghala, na mdogo wao wa mwisho, fundi mwashi. Watu hawa hawakuwa wamesemeshana kwa miaka sita, tangu kaka alipoigawa cherehani ya marehemu baba bila kumuuliza mtu. Sasa mama yao alikuwa ameanguka bafuni mara mbili, na daktari alisema asiachwe peke yake, maana nyonga yake haitastahimili ya tatu. Kaka alisema mama ahamie kwake. Mdogo alisema ahamie kwake. Kila mmoja aliapa kwamba mama hatakwenda kwa mwenzake ila juu ya maiti yake. Huku wanaapa, mama anaendelea kuoga kwenye bafu lile lile.

Kwa hiyo Mama Vibao aliingia kongamanoni kama mwanafunzi aliyebakiwa na siku tatu kabla ya mtihani.

Siku ya kwanza alipewa orodha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya wajumbe. Ya pili haikuwa na kichwa cha habari, ila kila mtu wa ukumbi aliijua: nchi zisizokaa karibu. Mwaka huu mbili zilikuwa zinagombea kisiwa kimoja kidogo, na kwa bahati mbaya majina yao yalifuatana kialfabeti. Mama Vibao alijua la kufanya. Alitafuta nchi isiyo na ugomvi na mtu, akaisogeza katikati yao. Ukumbini waliita kazi hiyo kutia pazia, na nchi ya katikati iliitwa pazia mpaka kongamano liishe, yenyewe bila kujua.

Saa ya chai alimvizia profesa mmoja mzee, mwenye miwani machoni na mingine utosini, aliyekuwa akihangaika na bomba la birika kubwa.

"Samahani, profesa. Nchi ikikosa, nani anaikamata?"

Profesa alimtazama, kisha akatazama kikombe chake kilichokuwa bado kitupu. "Mara nyingi hakuna, mama."

"Hakuna?"

"Hakuna polisi wa dunia. Zipo mahakama, lakini ngumu ni kumleta mtu. Hata hivyo nchi nyingi hutii siku nyingi. Unajua kwa nini? Kwa sababu kesho nazo zitataka wenzao watii. Jirani huwezi kumhama."

"Na isiyojali kesho?"

"Hiyo," profesa alisema, "ndiyo tunaijadili mwaka wa ishirini sasa. Hebu nisaidie hili bomba."

Jibu halikumshibisha, lakini alilibeba. Aliporudi nyuma ya pazia aliokota mengine. Aliona kwamba mahasimu hawasemeshani. Kila mmoja anamwambia mwenyekiti, hata kama anayemkusudia yuko mita moja kutoka puani mwake. "Mheshimiwa mwenyekiti, tafadhali mjulishe mjumbe mwenzangu kwamba anasema uongo." Aliona kila mmoja anapewa dakika tatu, taa nyekundu ikiwaka anakatwa, awe mkubwa awe mdogo. Na lililomfurahisha kuliko yote aliliona kwenye rasimu zilizoachwa mezani: maneno yaliyokubaliwa yaliandikwa kawaida, na yaliyogombewa yalifungiwa ndani ya mabano ya mraba. Watu wanakubali wanachokubali, ugomvi wanaufungia kwenye kibanda chake, kazi inasonga. Mama Vibao aliona kama ameonyeshwa dawa ya ukoo mzima. Alichukua nakala moja akaikunja ndani ya mkoba.

Siku ya pili, mjadala wa kisiwa ulipokuwa unaanza, alimkuta mwanamke mmoja wa makamo amesimama ukutani, karibu na swichi za taa. Alikuwa na beji ya mgeni shingoni na mfuko wa karatasi mkononi.

"Nikae wapi, dada?" mwanamke aliuliza.

Mama Vibao alitazama orodha. Akaitazama tena upande wa nyuma, ambako hapakuwa na kitu. "Unatoka nchi gani, mama?"

"Hapo ndipo penye kesi," mwanamke alisema, akacheka kidogo. "Natoka hicho kisiwa. Chuo kimoja kimenilipia nauli nije nisikilize. Wameniambia nitapata kiti."

"Jina lako halipo, mama. Na bila kibao siwezi kukukalisha. Nikikosea kiti kimoja hapa, kesho ni barua kutoka wizara mbili."

"Sawa. Nasikia hata nikisimama."

Alisimama kwa saa mbili na nusu. Wajumbe walitaja ramani za zamani, mikataba, kina cha maji, mawe ya mpaka na samaki. Mama Vibao, nyuma ya pazia lake, alimwona yule mwanamke akibadilisha mguu wa kusimamia, kulia, kushoto, kulia. Aliona haya. Mara mbili alishika kibao kitupu na kalamu, na mara mbili alikirudisha kabatini, kwa sababu alikuwa na miaka kumi na saba ya kazi safi na aliipenda kuliko alivyopenda kukiri. Chai ilipoanza alimpelekea kikombe. Mwanamke alishukuru vizuri tu, na hilo likamuuma zaidi.

"Umesikia nini?" Mama Vibao alimuuliza.

"Wamesema kila kitu cha kwetu isipokuwa gati. Gati letu limevunjika. Mimi nilikuja na neno la gati."

Ijumaa kongamano lilifungwa kwa makofi na azimio la kurasa tisa. Nusu yake ilikuwa ndani ya mabano.

Jumapili Mama Vibao alifika kwa mama yake mapema, kama afanyavyo kazini. Alisogeza meza katikati ya sebule. Ndugu zake walipofika, akamweka kaka mkubwa upande wa dirishani, mdogo upande wa mlangoni, na yeye mwenyewe katikati, pazia. Akaweka daftari, kalamu na simu ya kuhesabia dakika. Mama yao, mwenye miaka themanini na mikono isiyokubali kutulia, alikuwa jikoni akiwapikia chai, na kila aliyetaka kumsaidia alifukuzwa.

"Sheria ni hizi," Mama Vibao alisema. "Kila mtu dakika tatu. Hakuna kumsemesha mwenzako. Unaniambia mimi."

"Hiyo rahisi," mdogo alisema. "Nina miaka sita ya mazoezi."

Na kweli, mambo yalikwenda. Kaka alisema zake, simu ikalia, akakatwa katikati ya neno cherehani. Mdogo alisema zake, akakatwa palepale penye cherehani. Mama Vibao aliandika: mama asiishi peke yake. Wote wakakubali. Mama apelekwe kliniki kila mwezi, kwa zamu. Wakakubali, na kaka akashangaa alivyokubali. Kisha akaandika: mama ataishi [kwa mkubwa] [kwa mdogo]. Aliitazama mistari ile kwa fahari. Miaka sita, na sasa ugomvi wote ulikuwa umeingia kwenye vibanda viwili vidogo.

"Mwambie huyo," kaka alisema, "nyumba yangu ina chumba tayari."

"Mheshimiwa dada, mwambie na yeye kwamba chumba chenyewe kiko juu ghorofani. Mama atapanda na nyonga ya nani?"

Hapo mama yao akatokea mlangoni na sinia. Vikombe vinne vilikuwa vinagongana kidogo. Alitazama meza. Alitazama viti vitatu na watoto wake watatu juu yake.

"Mimi nikae wapi?" aliuliza.

Aliuliza bila uchungu, kama mtu anayetaka tu mahali pa kutua sinia. Lakini Mama Vibao alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Mtu mzima, miaka kumi na saba ya viti, amepanga mkutano juu ya mama yake na kiti cha mama hakipo. Kinyozi hajinyoi, wahenga walishamaliza. Akilini akamwona yule mwanamke wa kisiwa ukutani, akibadilisha mguu.

Alisimama, akapokea sinia, akamkalisha mama kwenye kiti chake mwenyewe, katikati ya wanaume wawili. "Mama, tusamehe. Wewe unataka nini?"

"Nani, mimi?" Bibi kizee alifikiri, kana kwamba swali lenyewe lilikuwa geni kidogo. "Mimi nataka kizingiti cha bafuni kivunjwe."

Watoto wote watatu waligeukia mlango wa bafu.

"Mara zote mbili nimejikwaa pale pale. Kimeinuka hivi." Alionyesha kwa kiganja. "Mwaka jana nilimwambia huyu fundi. Akasema hawezi kugusa nyumba mkubwa hajatoa ruhusa. Nikamwambia mkubwa. Akasema mdogo akianza kubomoa atajiona ndiye mwenye nyumba. Nikanyamaza."

"Lakini mama, usiku," kaka alisema. "Peke yako..."

"Nani kakwambia niko peke yangu? Tangu nilipoanguka mara ya pili, jirani yangu yule mjane analala chumba cha baba yenu. Tunapiga soga mpaka usingizi. Hamjui, kwa sababu mkija mnakuja mchana, na kila mmoja akija anamsema mwenzake." Alichukua kikombe. "Sihami. Andika hilo, mwanangu."

Mama Vibao alifuta mabano yote mawili, akaandika: mama haondoki. Kisha akawatazama kaka zake. Hakukuwa na mtu wa kuwakamata.

Mdogo ndiye aliyeinuka kwanza. Alikwenda kwenye pikipiki yake, akarudi na mfuko wa vifaa, akapiga magoti mlangoni mwa bafu. Nyundo ikalia mara tatu. Saruji ilikuwa ya zamani, ya mkono wa baba yao, na tindo lilikuwa linateleza. Kaka mkubwa alikuja kusimama nyuma yake, mikono mfukoni, kisha mikono ikatoka mfukoni.

"Dada," mdogo alisema bila kugeuka, "mwambie huyo anishikie tindo hapa."

Mama Vibao alikuwa sebuleni, amekaa sakafuni miguuni pa mama yake, ananywa chai iliyokuwa imeanza kupoa.

"Mwenyekiti ametoka," alisema. "Ambianeni wenyewe."

Nyundo ilinyamaza. Jikoni bomba lilikuwa linadondosha maji, tone moja, tone jingine. Mama yao aliacha kikombe hewani, hajakifikisha mdomoni.

"Kaka," sauti ikasema bafuni. "Shika hapa."